Maji Yanaingia Ndani ya Gari: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tundu na Kuliziba

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi ni haya: "Nimelianika gari juani siku tatu, nikapaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele, na mvua iliyofuata kapeti limelowa tena." Ukiuliza tundu lilionekana wapi, utakuta hakuna aliyeliona. Maji yalikutwa miguuni pa abiria, kioo kiko juu yake, basi kioo kikabebeshwa lawama.

Kosa liko hapo. Maji yaliyoingia ndani ya gari hayatulii yalipoingilia. Hufuata waya, nguzo ya mlango au mkunjo wa bati, yakaenda kutua mahali palipo chini kuliko pote. Egesha gari likiwa limeelekea mlimani, na maji yaliyopenya mbele utayakuta kwenye siti za nyuma. Kwa hiyo usishike gundi mpaka uyaone maji yakiingia, kwa macho yako au ya msaidizi wako. Ukishika sharti hilo moja, kazi nyingine zote ni uvumilivu tu.

## Vifaa vya kuandaa

- Tochi yenye mwanga mkali. Ya kuvaa kichwani ni bora zaidi, maana mikono yote miwili itakuwa kazini.
- Taulo kuukuu, karatasi nyeupe za kupangusia na magazeti ya zamani.
- Mpira wa kumwagilia bustani. Mashine ya kuoshea kwa presha iache: husukuma maji hata pale ambapo mvua haifiki, na itakuonyesha tundu ambalo si tatizo lako.
- Poda ya mtoto au unga wa chaki, sabuni ya maji na chupa ya kupulizia.
- Bisibisi, seti ya soketi na kibanzi cha plastiki cha kung'olea klipu bila kuzivunja.
- Mita 2 hivi za uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia majani.
- Utepe wa butili (gundi nyeusi laini inayokuja kama mkanda) na gundi ya mishono ya bodi.
- Mtu wa pili. Peke yako utamwaga maji nje huku tone likidondoka ndani bila shahidi.

Kuhusu silikoni: ile inayonuka siki usiilete karibu na gari. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati gundi inakauka, nayo hula bati. Isitoshe, mabaki yake huzuia rangi na gundi nyingine kushika. Utakayoipaka leo utaikwangua siku ukija kufanya kazi yenyewe.

## Hatua ya 1: Tambua maji hayo ni ya nini

Kandamiza karatasi nyeupe kwenye sehemu iliyolowa, kisha iangalie, inuse na uisugue kati ya vidole.

Yanateleza, yana rangi na harufu tamutamu. Hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini), na inavuja kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi au kwenye mipira yake. Dalili nyingine ni kioo cha mbele kupata ukungu wenye mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, na kiwango cha kulanti kushuka. Tatizo hilo halihusiani na mvua, na mwongozo huu hautalitibu, mpelekee fundi. Kulanti nyingi ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na wanyama, kwa hiyo ipanguse yote. Wala usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Yana harufu ya sabuni. Huenda ni maji ya wipa. Kwenye magari yenye wipa ya nyuma, mrija wake mara nyingi hupita juu ya kitambaa cha dari. Ukichomoka, dari hulowa kila unapoosha kioo cha nyuma, hata kama hakuna wingu angani.

Ni maji safi yasiyo na harufu. Yatakuwa ya mvua, au yametoka kwenye AC. Jiulize yanatokea lini. Kama kapeti hulowa siku kavu baada ya safari ndefu AC ikiwa imewashwa, usipoteze muda kwenye vioo. Kiyoyozi hukamua unyevu kutoka hewani, na maji hayo hutakiwa kutoka chini ya gari kwa mrija mdogo. Mrija ukiziba, sanduku la kiyoyozi hufurika na maji humwagikia miguuni, karibu na katikati ya gari.

Kuthibitisha ni rahisi. Washa AC kwa dakika 15 hadi 20 gari likiwa limesimama, kisha chungulia chini. Ikiwa hewa ina unyevu, lazima uone matone. Yasipoonekana, tafuta mrija kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, upande wa chini, uuzibue taratibu kwa uzi wa nailoni. Usitumie waya wenye ncha, kwa sababu ndani mna kipoza hewa chenye kuta nyembamba, na ukikitoboa gesi yote itatoka. Utajua umefaulu maji yenye uchafu yakitoka kwa kishindo, kisha yakabaki matone ya mfululizo. Kaa pembeni, mara nyingi humrukia aliyelala chini yake.

## Hatua ya 2: Inua kapeti, usiliamini kwa kulipapasa

Chini ya kapeti la gari kuna sponji nene. Juu panaweza kukauka kwa siku moja, na chini mkabaki lita kadhaa za maji kwa wiki nyingi. Hapo ndipo harufu ya uvundo huanzia, sakafu hushika kutu, na soketi za nyaya huota ukungu wa kijani. Magari mengi pia yana visanduku vya umeme chini ya siti au chini ya kapeti, na hitilafu za umeme zisizoeleweka mara nyingi huanzia kwenye maji haya.

Kulifikia sponji lazima utoe siti, na hapo pana hatari mbili.

Ya kwanza ni eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka kukinga abiria) na mikanda inayojikaza yenyewe wakati wa ajali. Chomoa waya wa hasi wa betri, subiri dakika 10 au zaidi kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza, ndipo uguse soketi zilizo chini ya siti. Za eabegi kwa kawaida ni za njano. Usiwashe swichi ya gari siti ikiwa nje, maana taa ya eabegi itawaka na kubaki imewaka.

Ya pili ni ya magari ya umeme na ya haibridi. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa unaoua. Ukizikuta karibu na maji, acha kazi hapo hapo na umwite fundi aliyefundishwa magari hayo.

Siti zikishatoka, ng'oa plastiki za vizingiti vya milango, kunja kapeti kuelekea katikati, toa maji yote, kisha pangusa bati mpaka likauke kabisa. Usiharakishe. Ukianza majaribio bati likiwa na unyevu, kila tone la zamani litakudanganya kuwa ni jipya.

Hatua hii imekamilika ukitandaza gazeti juu ya bati na likabaki kavu usiku mzima, gari likiwa mahali pasipo na mvua.

## Hatua ya 3: Kagua njia za maji kabla ya kutafuta matundu

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayomaliza magari mengi niliyowahi kuyashughulikia. Gari halikuundwa lisipitishe tone. Limeundwa kupokea maji mahali fulani na kuyatoa mahali pengine. Njia ya kutokea ikiziba, maji hayana budi kutafuta njia yake.

Chini ya wipa. Fungua boneti na uangalie lile bonde lililo chini ya kioo, lililofunikwa plastiki yenye matundu. Majani na vumbi hujikusanya humo na kuoza mpaka yanakuwa udongo mweusi. Nimewahi kukuta mche umeota. Maji yakikosa pa kutokea hupanda hadi kwenye mlango wa hewa ya feni, na kutoka hapo huanguka miguuni pa abiria wa mbele. Ng'oa plastiki, zoa uchafu kwa mkono, usiusukumie ndani ya tundu. Kisha mimina lita moja ya maji. Yanatakiwa kutoka chini upesi, nyuma ya tairi za mbele, pande zote mbili. Yakisimama hata kidogo, bado hujamaliza.

Sanrufu. Kama gari lina dirisha la paa, jua kwamba mpira wake hauzuii maji yote, wala haukukusudiwa kufanya hivyo. Kuzunguka fremu kuna mfereji, na kwenye pembe zake, kwa kawaida nne, kuna mirija inayoshuka ndani ya nguzo. Mimina maji kidogo kidogo kwenye kila pembe huku msaidizi akitazama yanatokea wapi chini. Pembe inayojaa bila kushuka ndiyo iliyoziba. Pitisha uzi wa nailoni polepole, ukiuzungusha. Usipulize kwa kompresa! Upepo huchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya kushusha dari nzima.

Milango. Mvua huteremka na kioo cha mlango na kuingia ndani ya mlango kila siku, hata kwenye gari jipya. Hutoka kupitia matundu madogo yaliyo chini ya mlango. Yazibue kwa kijiti. Ukisikia maji yakicheza ndani unapofunga mlango, jibu umelipata.

Ila kuna jambo moja la mlango linalosahaulika sana. Nyuma ya ule ubao wa ndani, mnapofungwa spika na swichi, kumegandishwa nailoni au sponji nyembamba inayozuia maji ya mlangoni yasihamie ndani ya gari. Fundi akifungua mlango kutengeneza mota ya kioo au kubadilisha spika, huibandua, na wakati wa kurudisha huibandika juu juu tu. Tangu siku hiyo gari huanza kulowa. Kwa hiyo ukiona maji kando ya kizingiti, uliza kwanza: mlango huu ulifunguliwa lini mara ya mwisho?

## Hatua ya 4: Jaribio la mpira wa maji

Tandaza magazeti sakafuni, kwa kuwa tone la kwanza huonekana juu ya karatasi kuliko juu ya bati. Msaidizi aingie na tochi, milango na vioo vyote vifungwe, wewe ubaki nje na mpira. Maji yatoke kwa nguvu ya mvua ya kawaida tu.

Anza chini, panda juu. Ukianzia kwenye paa, maji yatafunika gari zima kwa mkupuo, na ndani yakionekana hutajua yamepitia wapi. Fuata mpangilio huu, dakika 5 hadi 10 kila mahali, bila kuhama kabla ya muda:

1. Ukingo wa chini wa mlango na kizingiti.
2. Pande za mlango na pembe ya kioo chake.
3. Bonde la chini ya wipa.
4. Ukingo wa chini wa kioo cha mbele, kisha pande zake, kisha juu.
5. Mishono ya paa, reli za kubebea mizigo na kitako cha antena.
6. Taa za nyuma na ukingo wa buti. Kwa sehemu hii msaidizi aingie butini kwa kulaza siti za nyuma, asifungiwe mahali asipoweza kujitoa.

Akiona maji, apige kelele, na wewe usimamishe maji papo hapo. Asifungue mlango. Afuate njia ya maji kwenda juu kwa kidole mpaka palipo kavu. Tundu liko karibu na mpaka huo wa pakavu na palipolowa.

Gari moja lililonifundisha subira lilikuwa limepakwa silikoni kioo kizima, mara mbili. Nililala chali chini ya dashibodi, mwenzangu akimwaga maji nje. Dakika ya saba hivi, nikaona waya mweusi umeanza kung'aa. Tone likajikusanya chini ya mkunjo wa waya, likaning'inia, likaanguka kwenye gazeti. Lilipokuja la pili nikaufuata waya kwa kidole hadi kwenye mpira unaopitisha nyaya ukutani. Ulikuwa umechomoka kwenye kitako chake upande mmoja, uwazi usiozidi unene wa ukucha. Niliurudisha kwa kidole gumba. Kioo hakikuwa na hatia yoyote.

Maji yasipoonekana kabisa, badili mbinu. Rudisha kwanza siti na soketi zake, kisha waya wa betri, ndipo uweke feni ya gari kwenye kasi ya juu, ichukue hewa ya nje, na ufunge vioo vyote. Hewa hujaa ndani na kutafuta pa kutokea. Ukiwa nje, pulizia maji ya sabuni kwenye kingo za vioo, mishono na mipira. Penye tundu patatoa mapovu. Usihangaike na mapovu ya nyuma ya bampa la nyuma, kwani huko ndiko magari mengi yana milango ya kutolea hewa, na ni kawaida.

## Hatua ya 5: Ziba kulingana na ulichokiona

Mpira wa mlango. Pangusa mpira na bati, paka poda kwenye mpira, funga mlango kisha ufungue. Alama ya poda kwenye bati inatakiwa iwe mstari usiokatika. Palipokatika mpira haugusi. Unaweza pia kufunga mlango juu ya kipande cha karatasi na kukivuta: kikitoka bila ukinzani, hapo pamelegea. Kabla ya kununua mpira, jaribu kusogeza ndani kidogo kile chuma cha kufuli kilicho kwenye nguzo. Mlango uliolegea hufanana sana na mpira uliokufa. Mpira uliopasuka au kulala ubadilishwe, usigundishwe.

Nailoni ya mlango. Kwangua butili ya zamani iliyoshika vumbi, pangusa, kisha weka mpya kwa mstari mmoja usio na pengo na ukandamize kwa kidole kote. Ukingo wa chini wa nailoni lazima uingie ndani ya mlango. Ukiuacha nje, utakuwa umejenga mfereji wa kuelekea kwenye kapeti.

Mipira ya nyaya na vizibo vya sakafuni. Kilicho kizima kikalishe vizuri kwenye kitako chake. Kilichokauka na kupasuka, badilisha.

Taa za nyuma. Fungua, weka gasketi mpya au butili, kaza nati sawasawa kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, taa hupinda na plastiki hupasuka.

Mishono ya paa. Kwangua gundi iliyopasuka hadi ufike kwenye bati zima. Ukikuta kutu, iondoe yote na upake rangi ya msingi kabla ya gundi mpya. Gundi juu ya kutu hushika kutu, haishiki bati, na mvua mbili tatu zikipita itainuka.

Kioo cha mbele. Ikiwa umeona maji yakipenya chini ya kioo, usipake chochote juu juu. Kioo hiki kimegandishwa kwa gundi ya urethani na ni sehemu ya uimara wa bodi. Katika magari mengi eabegi ya abiria huegemea kioo inapofumuka. Kilichogandishwa vibaya kinaweza kutoka wakati unapokihitaji zaidi. Mwachie fundi wa vioo akitoe, atibu kutu kwenye fremu, kisha akigandishe upya. Muulize gundi yake inahitaji saa ngapi kabla ya kuendesha, na uziheshimu.

## Hatua ya 6: Jaribu tena kabla ya kurudisha chochote

Subiri gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kisha rudia jaribio mahali pale pale, kwa muda maradufu. Ukimaliza, acha gari saa nzima bila kulifungua, maana maji mengine hushuka polepole ndani ya nguzo. Usishangae ukikuta tundu la pili. Magari yaliyokaa muda mrefu yanavuja mara nyingi huwa na mawili, na lile kubwa lilikuwa likilificha dogo.

## Hatua ya 7: Kausha, kisha rudisha

Sponji halikauki likiwa ndani ya gari. Litoe, likandamize litoe maji, lisimamishe penye upepo, uligeuze kila siku hadi ukilikandamiza kwa karatasi pande zote mbili karatasi isilowe. Huchukua siku kadhaa. Lililoota ukungu na kunuka, litupe na uweke jingine. Kulipulizia manukato hakutaua kilichomo ndani yake. Wakati huohuo, sugua kutu iliyoanza sakafuni na uipake rangi.

Rudisha kapeti, siti na soketi zake zote, ndipo urudishe waya wa betri mwisho kabisa. Washa gari na uhakikishe taa ya eabegi inazimika.

Halafu ingiza karatasi iliyokunjwa chini ya kapeti kwenye kila pembe nne za sakafu. Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, itoe na uishike. Irudishe, uitazame tena baada ya wiki moja. Karatasi inayotoa mlio mkavu ukiikunja, mara zote mbili, kwenye pembe zote nne, ndiyo ruhusa yako ya kukaza skrubu za mwisho za vizingiti.